Sura ya Saba: Gari la Moshi katika Albamu za Mto Tana

Kaunti ya Tana River haina reli. Kuanzia Kipini, mto unapomwaga maji baharini, kupanda hadi Garsen, Hola na Bura, hakuna stesheni wala taruma. Hata hivyo, mtu akifungua bahasha ya picha za zamani katika nyumba ya Garsen au Ngao, si ajabu akakuta, kati ya picha za harusi na zile ndogo za kitambulisho, picha ya babu amesimama wima kando ya kichwa cha gari la moshi, kofia mkononi. Vichwa hivyo vilitengenezwa Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Mombasa, vikaendeshwa na kutengenezwa na watu wa pwani, wa bara na wa asili ya Kihindi. Picha zake zimetawanyika pande mbili za bahari: katika masanduku ya familia za Kenya, na katika nyumba za Waingereza waliowahi kuajiriwa na reli ya Afrika Mashariki. Zinapokutanishwa, kila upande hugundua kwamba una nusu tu ya habari.

Reli iliyopita mbali

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika ufuoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Kutoka Mombasa njia ilipanda Mazeras, Mariakani, Mackinnon Road, Voi na Tsavo, ikauacha Mto Tana mbali upande wa kaskazini. Miaka michache kabla ya hapo, kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imeujaribu mto wenyewe: mwaka 1891 boti ya mvuke iliyoitwa Kenia iliupanda Tana ikiongozwa na nahodha Dundas. Lakini Tana ni mto wa kona nyingi na mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na fedha za serikali ya Uingereza ziliishia kwenye reli. Tangu hapo ahadi ya reli kaskazini mwa pwani imerudi mara kwa mara. Ya karibuni ni ile ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012, wenye njia ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Reli yenyewe bado.

Kwa hiyo watu wa Tana walikutana na treni safarini. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na safari hiyo ilikuwa na vizuizi vyake kabla mtu hajaiona reli. Kabla ya daraja, magari yalivushwa Garsen kwa pantoni iliyovutwa kwa mikono. Kilifi kulikuwa na feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Malindi hadi Garsen hukatika hata sasa. Aliyefika stesheni ya Mombasa alikuwa ameshasafiri, na hiyo ni sababu mojawapo ya picha kupigwa pale.

Walikuwa watu wa namna nyingi. Wamethodisti walifungua kituo cha Golbanti mwaka 1885, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafika Ngao mwaka 1887. Vijana wa Kipokomo waliojua kusoma na kuandika waliweza kutafuta ukarani mjini. Kulikuwa na wafugaji wa Kiorma waliofuata soko la ng'ombe hadi Mariakani, ambako reli inapita katikati ya mji. Kulikuwa na wanafunzi waliopata nafasi shule za bara, na askari. Jambo moja huwapoteza wajukuu wanapozungumzia babu aliyekuwa “wa Reli”. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1969 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours. Karani wa bandari ya Kilindini na mpanga mabehewa wa Changamwe walikuwa na mwajiri mmoja. Picha ya babu mbele ya treni haithibitishi kwamba alifanya kazi kwenye treni.

Picha zenyewe

Nyingi ni za stesheni. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi kwa miongo mingi ilikuwa ya usiku: iliondoka jioni, ikafika asubuhi. Picha zilizopigwa jukwaani wakati wa kuagana au kupokeana zina mwanga wa pembeni na vivuli virefu. Mtu aliyevaa sweta nzito katika joto la Mombasa huenda ndiyo kwanza ameshuka kutoka bara. Kivuli kikiwa kifupi, kimejikunja chini ya miguu, basi ni mchana wa jua la utosi, na hapo inafaa kuuliza kama picha ilipigwa karakana, kwenye treni ya mizigo au katika stesheni ndogo ya njiani. Mzigo uliopo chini huzungumza pia: mkeka uliofungwa kamba, sanduku la bati, kapu la maembe. Madaraja ya mabehewa nayo yana historia chungu. Wakati wa ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu na la pili la Wahindi, na Waafrika wakajazana la tatu. Namba ya daraja ikionekana kwenye ubavu wa behewa, mpangilio wa watu mbele yake hueleza mengi kuhusu nani aliruhusiwa kusimama wapi.

Picha za kazini ni chache zaidi na zina thamani kubwa zaidi. Mfanyakazi wa kawaida hakuwa na kamera. Aliyempiga alikuwa msimamizi Mzungu, fundi wa Kihindi aliyependa kamera, au mpiga picha aliyekuja siku ya sherehe. Nyingine zilipigwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa kwa safu, watoto mbele na treni kwa mbali nyuma ya ukuta.

Zilizobaki ni kadi za posta na picha za studio, na hizi ndizo zinazodanganya zaidi. Mombasa ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na toroli za abiria zilizosukumwa na watu juu ya reli nyembamba barabarani. Kadi zake zilisambaa sana, na mara nyingi huhesabiwa kuwa picha za treni. Familia zenye ndugu Unguja huenda zikawa na kadi ya treni ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kufungwa katika miaka ya 1920, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na reli ya Mombasa. Katika studio, kama ile ya Parekh iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1942, mteja alisimama mbele ya pazia lililochorwa. Baadaye, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa karibu na feri ya Likoni walijulikana kwa mapazia yao ya meli na ndege. Mtu alipelekea nyumbani picha inayoonyesha amefika mbali, na hakuna ubaya. Alichokitamani nacho ni habari ya kweli. Ila mwenye kuandika maelezo atazame miguu ya aliyepigwa: kama kivuli chake hakilingani na kivuli cha chombo kilicho nyuma, hicho ni kitambaa.

Kuusoma mtambo

Chukua mfano wa picha moja ya aina inayoweza kukutwa kokote pwani: nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, kingo zake zimekatwa kwa mawimbi madogo. Wanaume watatu wamesimama mbele ya mtambo mrefu usioingia wote kwenye fremu. Mbele kabisa kuna tangi la maji juu ya magurudumu yake; katikati limelala boila nene; nyuma ya kibanda cha dereva kuna tangi jingine, nalo lina magurudumu yake. Umbo hilo la vipande vitatu ni la injini ya Garratt. Boila huning'inia katikati ya seti mbili za magurudumu, na kila seti inageuka peke yake kwenye kona. Ndiyo maana Garratt zilifaa sana njia ya Mombasa, ambayo reli zake zimeachana kwa mita moja tu na ambayo inapanda kutoka usawa wa bahari kwa kona nyingi.

Sasa namba. Kwenye ubavu wa kibanda kuna bamba lenye tarakimu nne zinazoanza na 59. Baada ya reli za Kenya, Uganda na Tanganyika kuunganishwa mwaka 1948, vichwa vilipewa mfumo mpya wa namba: tarakimu mbili za kwanza zinataja aina, mbili za mwisho zinataja kichwa chenyewe. Kwa hiyo 5918 ni kichwa cha kumi na nane cha aina ya 59. Aina hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester. Vilikuwa 34, vikafika Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 na urefu wa zaidi ya mita 31, kikitumia mafuta mazito badala ya makaa. Hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Vilipewa majina ya milima: Mount Kenya, Mount Kilimanjaro, Mount Gelai. Hivyo bamba moja tu lililosomeka limeshaondoa miaka yote ya kabla ya 1955. Na kwa kuwa vichwa hivyo viliondolewa kazini kati ya mwaka 1973 na 1980, upande wa pili nao umefungwa.

Kuna alama inayobana zaidi. Mwanzoni bomba la moshi la aina ya 59 lilikuwa la mviringo. Baadaye yalifungwa mabomba mapya ya mhandisi wa Austria aitwaye Giesl, ambayo ni membamba na marefu, kama kopo lililobanwa pande mbili. Bomba la mviringo linaipeleka picha kwenye miaka ya mwanzo ya injini; bomba lililobanwa linaisogeza mbele.

Herufi za ubavuni husaidia pia. KUR ni ya Kenya and Uganda Railways, kabla ya muungano wa 1948. EAR ni ya kipindi cha ushirikiano, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. KR ni ya Kenya Railways, iliyoanza rasmi mwaka 1978. Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu rangi haikubadilishwa siku moja. Kichwa kiliweza kubeba herufi za zamani mpaka kilipoingia karakana. Herufi zinaonyesha mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, wala hazisemi zaidi ya hapo. Rangi yenyewe ya EAR ilikuwa damu ya mzee, ambayo katika picha nyeusi na nyeupe hutoka karibu sawa na nyeusi. Mjukuu akisema treni ilikuwa nyeusi na bibi akasema nyekundu, bibi ndiye anayejua.

Si kila mtambo ni Garratt. Vichwa vya umbo la kawaida, boila mbele na tangi la kuvutwa nyuma, vilikuwa vingi. Aina ya 29 ilitoka kwa North British ya Glasgow kuanzia mwaka 1951, na ya 31 kwa Vulcan Foundry huko Lancashire katikati ya miaka ya 1950; hivi vilibeba majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Vichwa vidogo vya kupanga mabehewa vilitengenezwa na viwanda kama Bagnall wa Stafford. Kisha, mwaka 1960, dizeli za English Electric zikaanza kuwasili, na picha za moshi mweupe zikaanza kupungua. Aliyepigwa mbele ya sanduku la chuma lenye madirisha mawili usoni na lisilo na bomba kubwa yuko mbele ya dizeli, na picha yake haitangulii kuingia kwa mitambo hiyo.

Mwenye kutaka kulinganisha kwa macho anaweza kwenda Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, hatua chache kutoka stesheni ya zamani. Mount Gelai, namba 5918, iko pale, na mtu anaweza kugusa bamba lake kwa mkono. Iko pia 2921, iliyopewa jina la Wamasai.

Kuwasoma watu

Hapa ndipo upungufu mkubwa ulipo. Historia ya kila kichwa imeandikwa: kumbukumbu za Beyer, Peacock zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda huko Manchester, na wapenzi wa treni wa Uingereza wameorodhesha namba, majina na tarehe kwa uangalifu wa kusifiwa. Wanaume watatu waliosimama mbele ya kichwa hicho hawamo. Katika vitabu vya picha vya reli, maelezo ya chini hutaja injini, stesheni na mwaka, kisha yanaishia na neno “wafanyakazi”. Injini yenye bamba la shaba inaweza kutambuliwa miaka mia baadaye na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Afrika. Mchochea moto wake anaweza kutambuliwa na mke, mtoto, jirani au mfanyakazi mwenzake tu, na hao wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza katika familia ya Mto Tana ni majina. Injini inaweza kungoja.

Kuuliza kwa njia ya “hii ilikuwa mwaka gani?” huzaa majibu ya kubahatisha. Wazee wa delta ya Tana hupima wakati kwa maji na ukame, kwa shule na kwa ndoa. Mafuriko makubwa ya 1961, yaliyotangulia uhuru kwa miaka miwili, ni nguzo inayokumbukwa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 ni nyingine. Kuna pia mauaji ya wafungwa 11 katika kambi ya Hola Machi 1959, kuna Madaraka, kuna kufunguliwa kwa daraja la Kilifi. Swali likiwa “alikuwa ameshaoa?” au “mafuriko yalikuwa yamepita?”, jibu huja haraka na mara nyingi ni sahihi.

Jina lazima liandikwe kamili. Wapokomo na Waorma, kama jamii nyingine za pwani, hurudia majina ya mababu kwa wajukuu, na jina moja linaweza kuwa la watu wanne katika ukoo. Andika jina, la baba, la babu, na kijiji: wa Ngao, wa Idsowe, wa Ozi. Wanawake wanahitaji uangalifu wa pekee. Maelezo mengi ya nyuma ya picha husema “mke wa” au “mama fulani” tu, na mtoto huyo akifariki au akihamia mbali, mama hupotea kabisa katika kumbukumbu. Jina lake mwenyewe liulizwe waziwazi, hata kama wote waliopo wanalijua, maana linaandikwa kwa ajili ya wasiokuwapo.

Mahali hutambulika kwa vitu vidogo. Mabango ya stesheni za njia hiyo yaliandikwa jina pamoja na kimo kutoka usawa wa bahari. Timboroa, juu kabisa kwenye njia ya kwenda Uganda, ilikuwa na futi 9,001, na bango lake lilipigwa picha na abiria wengi. Mackinnon Road inajulikana kwa msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, mfanyakazi wa reli kutoka Punjab anayeheshimiwa kama walii; reli inapita kando yake, na Waislamu wa pwani wamekuwa wakisimama hapo kuomba dua. Picha ya familia mbele ya kuba, na waya za simu za reli nyuma, ni ya pale.

Watu wawili wakitofautiana juu ya sura moja, maelezo yote mawili yaandikwe, kila moja pamoja na jina la msemaji. Kumlazimisha mzee akubali kosa mbele ya watu humfunga mdomo, na alichobakiza kusema hakitasemwa tena.

Unyevu, mchwa na mafuriko

Picha ya karatasi haikutengenezwa kwa ajili ya delta. Joto na unyevu huifanya tabaka ya juu yenye sura ilainike na kunata. Ukungu huacha madoa ya kahawia. Mende na mchwa hula karatasi na gundi. Kioo cha fremu nacho huleta hasara: picha iliyobandikwa moja kwa moja kwenye kioo hushikana nacho, na kuibandua ni kuirarua. Picha za rangi za miaka ya 1970 hugeuka nyekundu zenyewe hata gizani, huku nyeusi na nyeupe za zamani zaidi zikidumu. Ndiyo sababu mara nyingi babu anaonekana vizuri kuliko baba.

Dawa yake si ya gharama. Bahasha za karatasi kavu ni bora kuliko mifuko ya plastiki inayofunga jasho ndani. Sanduku liwekwe juu, mbali na sakafu na ukuta unaopata maji. Maandishi ya nyuma yaandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni. Albamu zenye kurasa za kunata ziepukwe. Na kuna desturi moja inayopaswa kukomeshwa kwa nguvu zote: kupeleka picha ya zamani ikafungwe kwa plastiki ya moto dukani ili isiharibike. Moto wa mashine huipika, plastiki haitoki tena, na unyevu uliokuwamo hubaki humo milele. Kitakachofungwa kwa plastiki kiwe nakala.

Garsen na vijiji vya mtoni hujua mafuriko. Yale ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara na kuhamisha familia nyingi. Picha zilizoloa ziokolewe kabla hazijakauka zikiwa zimeshikana. Zitumbukizwe kwenye maji safi ya baridi, ziachanishwe taratibu humo majini, kisha zilazwe moja moja, sura juu, kwenye kivuli chenye upepo. Kitambaa kisiguse sura, na jua kali lisiruhusiwe kuzikunja. Siku mbili za kwanza ndizo zenye matumaini; baada ya hapo ukungu huanza.

Kugawana

Nakala nzuri hutengenezwa kwa skana kwa nukta 600 kwa kila inchi, na saiba nyingi za Malindi na Mombasa zina skana. Pasipokuwa na skana, simu hufaa. Picha ilazwe juu ya kitambaa cheusi, nje lakini kivulini, bila flashi, na simu ishikwe sambamba nayo. Nyuma ipigwe pia, hata kama haina maandishi: muhuri wa studio, jina la kampuni ya karatasi kama Kodak au Ilford, au tarehe iliyochapwa ukingoni ni ushahidi. Picha ya mraba kamili ya rangi, kwa mfano, mara nyingi ilitoka kwenye kamera za kaseti za aina ya Instamatic, zilizoanza kuuzwa mwaka 1963.

Kikundi cha WhatsApp cha ukoo ndicho baraza la picha kwa familia nyingi sasa. Hukutanisha shangazi aliye Hola na binamu aliye Muscat au Leicester kwa dakika moja, na sauti zilizorekodiwa humo huhifadhi lafudhi na kicheko cha mzee ambavyo maandishi hayawezi. Ubaya wake ni kwamba hupunguza ubora wa picha kila inapotumwa. Namba ya injini iliyokuwa inasomeka huwa doa. Itumwe kama dokumenti, na faili lipewe jina lenye mwaka, mahali na watu. Majibu ya maana yanakiliwe kwenye daftari, kwani simu ikipotea huenda nayo.

Upande wa ng'ambo milango ipo. Mkusanyo wa British Empire and Commonwealth, wenye picha na filamu za familia zilizowahi kuishi katika makoloni, uko Bristol Archives. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960, zikiwemo za ujenzi wa reli, na umewekwa kwenye intaneti kwa kila mtu kuutazama. Nairobi kuna makumbusho ya reli na Kenya National Archives ya Moi Avenue. Mstaafu wa Kiingereza anayeandika kuuliza namba ya injini kwenye picha ya Garsen ajibiwe kwa ukarimu, na papo hapo aombwe kutafuta katika slaidi zake sura za watu aliofanya nao kazi, majina ya zamu, na picha za landhi. Mabadilishano ya namba kwa majina ni ya haki, na ndiyo yanayojaza lile neno “wafanyakazi” kwa watu halisi.

Haki zipo pia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kufuata tarehe ya mwisho kati ya hizo. Picha ya jukwaani ya 1958 ambayo haijawahi kutoka sandukuni haiko sawa kisheria na kadi ya posta ya mwaka huo. Kushika karatasi mkononi si kumiliki haki ya kuichapisha. Studio au mrithi wake huenda bado ana neno. Juu ya sheria kuna adabu ya nyumbani: picha ya marehemu hupata idhini ya watoto wake, na ya mwanamke aliyepigwa bila mtandio ndani ya nyumba haitoki nje ya ukoo bila ruhusa yake au ya wanawe.

Familia inayoamua kukabidhi picha kwa makumbusho itoe nakala kwanza na kubaki na picha halisi mpaka mambo manne yaandikwe na kutiwa saini: majina yote ya waliomo, kijiji picha ilikotoka, nani ataruhusu ichapishwe, na kwamba ukoo utapewa nakala kila utakapoomba. Picha ikiingia rafu ya Nairobi au Bristol kama “stesheni ya Mombasa, injini aina ya 59”, kuiongezea jina la mtu baadaye ni kazi ya miaka. Siku ya kukabidhi ni kazi ya penseli na nusu saa.